Dawa ya Kola

Shemeji yake alimdhulumu, na dhuluma yenyewe inaelezeka kwa pumzi moja. Aliandika kitabu cha kutisha, akasema ndani yake kwamba mke alimtilia mumewe dawa kila Jumatatu, kidogo kidogo, kwenye kikombe cha chai, mpaka mume akapasuka akawa watu wawili. Jina la mke hakulitaja. Hakuwa na haja ya kulitaja. Mke wa kitabuni alikuwa mpiga pasi mwenye kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto, na mtaa mzima ulikuwa na mpiga pasi mmoja tu mwenye kovu hilo. Ndiye Mama Pasi.

Dawa aliitia kweli, wala hajawahi kukana. Aliitia kwenye kola za mashati.

Kwa watu wa kazi ile, dawa ni ya kutolea madoa. Ukimwambia dobi mwenzako, "Nimemtilia mwalimu dawa," atakuuliza kama doa limetoka, hatakuuliza kama mwalimu amezikwa. Hata mtoto anayetumwa dukani analijua hilo. Shemeji naye alilijua, na hapo ndipo uchungu ulipo.

Mama Pasi alifundishwa kazi na shangazi yake, katika chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na juu ya blanketi shuka iliyogeuka rangi ya biskuti kwa joto. Palikuwa na pasi mbili za umeme na moja ya mkaa kwa siku umeme ukikatika. Shule aliiona kupitia dirisha tu, alipokuwa akipeleka sare za walimu. Lakini shangazi alimfundisha kusoma nguo, na nguo alizisoma kuliko wengine wanavyosoma magazeti.

"Mtu atakudanganya kwa mdomo, mwanangu," shangazi alikuwa akisema huku akinyunyiza maji, "lakini shati lake halijui kutunza siri. Likifika hapa mezani linamwaga yote. Wanaposema kikulacho ki nguoni mwako, wao wanasema tu. Sisi ndio tunaokiona."

Basi Mama Pasi aliweza kukwambia nani anakula amesimama, nani amepandishwa cheo na bado hajamwambia mkewe, nani analia akijifutia mkono wa kulia. Hakuyasema nje. Dobi mwenye mdomo ni sawa na ndoo iliyotoboka, kazi hana.

Mumewe alimpata kwa njia hiyo hiyo ya mashati. Alikuwa karani katika ofisi ya vipimo, mtu mpole wa kumpisha njia hata paka. Kila Ijumaa alileta mashati matano, vifungo vyote vimefunguliwa, mikono imekunjuliwa, yamepangwa kama barua ndani ya bahasha. Mama Pasi, ambaye wakati huo alikuwa bado binti, akasema moyoni: mwanaume anayefungua vifungo vyote kabla ya kuleta shati kwa dobi, huyo ana adabu hata akiwa peke yake. Wakaoana. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. "Wenzako wanaangalia sura, wewe umeolewa na vifungo!"

Mwaka wa pili wa ndoa, kwenye kapu la nyumbani, akakuta shati lisilo la mumewe. Lilikuwa limevuliwa kwa kichwani bila kufunguliwa, vifungo viwili vimeng'oka, kishikizo cha mkono wa kushoto, ile pindo ya kwenye kifundo, kimetafunwa kikawa kama kamba. Kola ilikuwa na doa la kahawia. Jasho la mumewe alilijua, lilikuwa la manjano hafifu. Alidhani nguo ya mteja imechanganyika na zao.

"Hili la nani?" akamuuliza.

Karani alilitazama, akainamisha kichwa. "Langu. La jana."

Jana yake, Jumapili mchana, alikuwa amevunja sahani nane. Hakuzirusha. Alizichukua moja moja kutoka kabatini akaziachia sakafuni, huku akisema kwa sauti ya chini ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Ya tisa aliielekeza kwa mkewe, na hapo ndipo Mama Pasi alipoangukia pasi ya mkaa. Kovu la kiwiko lilitoka huko, wala si kwenye ajali ya kazi kama alivyowaambia watu.

"Jana si mimi, mke wangu," Karani alisema. "Naapa. Si mimi."

Na alimaanisha. Hicho ndicho kilichomtesa Mama Pasi kuliko sahani: mtu yule hakuwa akidanganya. Macho yake asubuhi ile yalikuwa macho ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya jirani.

Mara ya tatu na ya nne ilikuwa ni neno lile lile, "si mimi," mpaka Mama Pasi akampa mgeni huyo jina: Simimi. Binti yao alipokua kidogo akalichukua bila kuuliza. "Mama, leo amerudi Baba au Simimi?" Mama Pasi alikuwa akiangalia kishikizo cha mkono wa kushoto. Kikiwa kikavu, anaandaa chakula. Kikiwa kimelowa mate, anafungia vyombo kabatini na kumtuma mtoto kwa jirani akaazime chochote, hata chumvi ambayo tayari wanayo. Jirani alikuwa akisema, "Hiyo nyumba inakula chumvi kama ng'ombe!"

Alikwenda kumuuliza mama mkwe. Bibi huyo alikuwa mkavu wa maneno, na alijibu huku akichambua mchele. "Baba yake alikuwa mkali. Alikuwa akimfungia stoo. Basi, yamepita, tusifukue." Mama Pasi akasubiri. Bibi akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Miaka kumi na tisa ilipita hivyo, mume wa siku tano na mume wa siku mbili, na Mama Pasi katikati akishughulika na nguo za wote wawili. Simimi hakuonekana nje ya nyumba. Ofisini, barabarani, kwenye misiba, aliyekwenda ni Karani, na watu walikuwa wakimwambia mkewe, "Una bahati wewe, umepata malaika." Alijibu, "Ndiyo, ila huyo malaika mabawa yake nayapiga pasi mimi." Wakacheka. Hawakujua wamecheka nini.

Sasa shemeji. Alikuwa mdogo wa Karani, wa pekee, msomi, mwandishi wa riwaya za kutisha: majumba makubwa yenye ngazi zinazolia, vyumba vilivyofungwa, vioo vinavyoonyesha mtu asiyekuwepo. Vitabu vyake viliuzwa. Siku moja akaja kwenye chumba cha pasi na daftari, akavuta kigoda.

"Shemeji, kuna kitu kimenikwama kooni. Nataka kuandika mtu mmoja mwenye watu wawili ndani yake. Nimeambiwa wewe unamjua mmoja."

"Nani kakwambia?"

"Binti yako. Usimchape."

"Binti yangu sijawahi kumchapa. Waulize walioanza kuchapa."

Alijifanya hakusikia. Lakini alikuwa mcheshi, alileta matunda, na Mama Pasi alikuwa hajawahi kuulizwa na mtu yeyote. Ukikaa na neno miaka kumi na tisa, wa kwanza kukuuliza unamwona ndugu. Jumanne tatu mfululizo alimsimulia.

"Akibadilika, sura inakuwaje?" shemeji aliuliza.

"Sura ni ile ile."

"Hata macho?"

"Macho yale yale. Ulitaka yaote manyoya?"

"Wasomaji wanataka meno, shemeji."

"Wanataka meno marefu ili wakirudi kwao wasimtambue wa kwao. Huyu meno yake ni ya kawaida. Anachobadilisha ni mkono. Karani anafungua vifungo, mwenzake anavivuta. Karani anakula kishikizo? Hali. Mwenzake anakitafuna kama mtoto aliyezibwa mdomo."

Kalamu ya shemeji ilikimbia kama panya jikoni. "Na wewe unafanyaje?"

"Nifanyeje? Jasho la yule mwingine linaacha doa baya. Namtilia dawa kila Jumatatu, kidogo kidogo, mpaka yule mwingine anatoka."

"Unamtilia?"

"Hata sasa namtilia." Akamwonyesha beseni pale pale miguuni pake, shati limelowekwa, chupa ya dawa ya madoa pembeni. Shemeji aliinama akalitazama lile beseni. Hata pua aliikunja kwa harufu. Kwa hiyo asije akasema hakuona.

Kisha Mama Pasi naye akauliza. "Na wewe ulikulia nyumba ile ile. Hiyo stoo ya baba yenu unaikumbuka?"

Kalamu ikafa. Shemeji akafunga daftari, akasema amesahau ana miadi, na matunda ya wiki iliyofuata hayakuja.

Kitabu kilitoka baada ya mwaka. Kiliitwa *Bwana wa Vyumba Viwili*. Binti, aliyekuwa tayari mtu mzima na fundi cherehani, alimsomea mama yake huku mama akipiga pasi. Mwanzoni walicheka, maana shemeji aliwahamishia kwenye jumba lenye vyumba thelathini.

"Thelathini!" Mama Pasi alisema. "Nani anafagia?"

Wakafika ukurasa wa kikombe. Binti akapunguza sauti, akasoma hadi mwisho wa sentensi, akaweka kitabu magotini. Mama Pasi alisimama na pasi mkononi, na pasi iko juu ya mkono wa gauni la mteja. Aliyenusa kwanza alikuwa binti. Alama ya pasi ilibaki pale, nyeusi, na ncha yake. Tangu afundishwe kazi hakuwahi kuunguza nguo ya mtu.

"Rudia," alisema.

"Mama, hapana."

"Rudia, nisikie kama ni maneno yangu."

Yalikuwa maneno yake, karibu yote. Kilichobadilika ni chombo tu: beseni limekuwa kikombe.

Mtaani walianza kwa utani. "Mama Pasi, hiyo chai yako tutainusa kwa mbali!" Na mwingine: "Tuuzie hiyo ya Jumatatu, wangu anahitaji nusu kijiko!" Alijibu kila utani kwa utani wake, maana ulimi anao. Lakini utani ukikaa sana unachacha. Mke wa mwalimu alikuja kuchukua kapu lake, akasema bila kumtazama, "Si kwamba naamini, jirani, lakini nguo zinagusa mwili." Nyumba ya pili ikafuata, na ya tatu. Hapo Mama Pasi akaelewa kinachotaka kumtoka. Alikuwa hana cheti, hana elimu, hana ukoo mkubwa. Alichokuwa nacho ni kwamba watu waliweza kumwachia kilichogusa ngozi zao. Hicho kikienda, hakuna kilichobaki cha kumwita mtu.

Na Karani je? Karani alinunua kitabu chake mwenyewe, akakisoma siku mbili, akaja kwenye chumba cha pasi na kukisimamisha mezani.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini?"

"Miaka yote hii najichukia. Kumbe ni wewe."

Mama Pasi alidhani anatania. "Baba yake binti, dawa hiyo si wewe mwenyewe unayeninunulia? Chupa umebeba kwa mkono wako."

"Imeandikwa."

"Imeandikwa na mdogo wako!"

"Mdogo wangu ni msomi. Hawezi kuandika kitu hivi hivi."

Akafungasha mashati, akahamia kwa mama yake. Kilichomchoma Mama Pasi hakikuwa kule kuondoka. Ni uso wake. Ulikuwa mwepesi, kama wa mtu aliyetua gunia. Ndipo alipoelewa kwa nini vitabu vile vinauzwa, na kwa nini ndani yake daima kuna chupa, au kioo, au mwanamke. Mtu akiambiwa ubaya wake ulimiminwa na mkono wa mwingine, atalipa achukue nakala mbili. Kusema ubaya huo ulikua naye tangu utoto, katika nyumba ya watu wanaosalimiwa kwa heshima, nani atanunua hilo?

Akalia siku moja. Ya pili akapiga pasi gauni lake jeusi, kola ikasimama kama ubao, na Jumamosi alasiri akaenda kwenye ukumbi wa maktaba ambako shemeji alikuwa akizungumza na wasomaji. Ukumbi ulijaa. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, amekuja kumwona mwanawe akipigiwa makofi. Karani hakuja.

Msomaji mmoja mwenye miwani aliuliza, "Mawazo ya mtu mwenye watu wawili unayapata wapi?"

"Ah," shemeji akatabasamu, "mengine huja ndotoni. Mwandishi ni kama kisima, hajui maji yanatoka wapi."

Mama Pasi akasimama. "Mimi najua yanatoka wapi. Ninaomba kuuliza."

Shemeji alimwona, na tabasamu likabaki usoni kwa kushikiliwa. "Karibu, shemeji. Wapendwa, huyu ni wa nyumbani."

"Wa nyumbani hasa. Niliolewa na kaka yako akiwa na miaka ishirini na sita. Huyo wa pili, nilimkuta au nilimleta?"

"Shemeji, hiki ni kitabu tu."

Watu wakacheka kidogo, wa kumsaidia.

"Kama ni kitabu tu, mbona kovu ni langu?" Akakunja mkono wa gauni, akainua kiwiko. Kicheko kikakatika. "Nyumba ulibadilisha, ukanipa vyumba thelathini, asante. Jina hukuliweka, asante. Dawa ulikuja kuiona kwenye beseni kwa macho yako, ukaikunjia pua, ukaenda kuitia kwenye chai. Sikuulizi kwa nini ulidanganya. Watu wa kazi yako mnaruhusiwa, nimeambiwa. Nakuuliza hilo moja tu. Nilimkuta au nilimleta?"

Shemeji akamtazama mama yake. Na pale mbele bibi akajiinua kwa fimbo yake, taratibu, mpaka kila mtu akadhani anataka kwenda nje.

"Alimkuta," bibi alisema.

"Mama, kaa," shemeji akanong'ona.

"Nimekaa miaka mingi. Alimkuta." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika hadi viti vya nyuma. "Baba yao alikuwa akimfungia stoo yule mkubwa. Akimtoa ni lazima atoke akicheka na aseme asante, la sivyo anarudishwa. Alikuwa na miaka saba. Siku moja nilisikia mlangoni anazungumza. Nikadhani anazungumza na panya. Alikuwa akisema, 'Kaa wewe humu, mimi natoka.' Akatoka akicheka. Akasema asante." Akamgeukia mwanawe kwa fimbo. "Na wewe ulikuwa umekaa mlangoni ukisubiri. Wino uliofanya ndugu yako afungiwe siku ile, uliumwaga wewe."

"Nilikuwa na miaka minne, mama."

"Nimesema umekosa? Nimesema ulikuwepo. Na mimi nilikuwepo, na nilikuwa mkubwa. Mwanamke huyu hakuwepo."

Hakuna aliyepiga makofi. Msomaji wa miwani alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. Shemeji alishika kingo za meza, akasema mbele ya wote kwamba chapa ya pili ukurasa wa kikombe utaondolewa. Alisema na neno "samahani," lakini alilielekeza kwa sakafu, na sakafu haikuwa imekosewa.

Mama Pasi alirudi nyumbani kwa miguu, amenyooka. Jumatatu aliloweka nguo kama kawaida. Kabla ya wiki kwisha mke wa mwalimu alisimama mlangoni na kapu kichwani.

"Jirani, nimekuja."

"Nakuona. Weka hapo. Ila mambo ya nguo kugusa mwili, utamweleza mwingine."

"Nisamehe."

"Za rangi umechanganya na nyeupe tena?"

"Nimechanganya."

"Basi hilo ndilo kosa lako la kweli."

Wakacheka, na kapu likakaa. Nyumba nyingine mbili hazijarudi, lakini zimekuja tatu ambazo hazikuwahi kuja, na binti amelazimika kuhamisha cherehani pembeni kupisha meza ya pili.

Karani aliwahi kufika mlangoni mwezi uliopita, vifungo vimefungwa vizuri, akauliza kama anaweza kurudi. Mama Pasi hakumtukana. Alimwonyesha kiti, akampa maji, akamwambia masharti yake ni mafupi. Kuna daktari anayezungumza na watu wa aina hiyo, aende. Na akishaanza kwenda, azungukie nyumba tatu zilizohamisha nguo, kwa miguu yake na mchana, awaambie kwamba hakutiliwa kitu, na kovu lile lilitokaje. Kwa daktari ameanza kwenda. Kwenye nyumba tatu bado hajafika hata moja.

Chapa ya pili imetoka. Binti aliisoma yote, akatafuta kikombe asikione. Mahali pake shemeji ameandika: *Hakuna aliyejua yule wa pili alitoka wapi.*

"Watu watano wa familia wanajua," Mama Pasi alisema, akageuza shati. "Na ukumbi mzima."

Mama mkwe alilipa lake siku ile, kwa kusimama, na Mama Pasi hamdai tena. Wanaodaiwa ni ndugu wawili. Mkubwa anadaiwa nyumba tatu. Mdogo anadaiwa ukurasa mmoja, wenye mlango wa stoo, mtoto wa miaka saba ndani, na mkono wa baba yao ukizungusha ufunguo. Ameambiwa, tena kwa barua aliyoandikiwa na binti, na ameijibu kwa kusema analifikiria.